Naandika nikiwa nyumbani na joto hili la kaskazi limenishinda. Nikodi chumba mjini au nivumilie?

Disemba 2022

BintiFuoni
Assalaam alaykum wanajamvi. Mwenzenu ni mwandishi wa kujitegemea. Naiandikia kampuni moja ya utalii ya Uingereza: maelezo ya hoteli, milango ya Mji Mkongwe, mashamba ya viungo ya Kizimbani, mambo kama hayo. Wanalipa kila mwisho wa mwezi kwa PayPal na hawalipi vibaya.

Naishi Fuoni kwa wakwe. Chumba changu kiko juu, bati tupu, hakina dari. Tokea kaskazi ilipoingia, ikifika saa 5 asubuhi hakikaliki. Feni inazungusha joto lile lile, jasho linadondoka juu ya vibonye, kompyuta inapata moto mpaka inajizima na maneno niliyokuwa sijayahifadhi yanakwenda nayo.

Mhariri wangu anafungua kazi saa 3 asubuhi ya London. Hapa hiyo ni saa 6 mchana, jua la utosi, na ndio wakati anaotaka nimjibu. Sasa wakati huo huo watoto wako likizo ya skuli wanapiga mpira ukumbini, wageni wamekuja kutoka Pemba, na bi mkubwa, mama wa mume wangu, ananiita toka chini: "Wewe si umekaa tu huko, njoo ukune nazi." Nikishuka, mpaka wali uive nakuta barua pepe zimepangana. Nikisema nina kazi, naambiwa kazi gani hiyo ya kukaa kitandani na mashine. Imebaki niandike usiku watu wakilala, na asubuhi nikichelewa kuamka naitwa mvivu.

Nimeona chumba Mkunazini, ghorofa ya kwanza, kina baridi yake. Nikichukue kwa ajili ya kazi tu, au nivumilie mpaka masika? Naomba ushauri wa kweli, silali.

Mzee_wa_Vikokotoni
Alaykum salaam mwanangu. Bati bila dari ni tanuri, hapo huna kosa. Nyumba za mjini kuta zake ni mawe na chokaa, nene, jua linazipiga mchana kutwa na ndani bado hujahisi. Lakini kabla ya kutoa kodi, jaribu kupiga dari ya makuti chini ya hilo bati, acha nafasi baina yake upepo upite. Meza igeuze ielekee kaskazini mashariki, ndiko upepo wa msimu huu unakotoka. Na kama madirisha yenu ni haya ya alumini ya kusukuma, yanafunguka nusu tu, siku zote nusu ya upepo mnaukataa wenyewe.

Mpemba_wa_Wete
Sisi wageni wa Pemba tumeingiaje kwenye kesi hii? Tukija na kapu la shokishoki hatuitwi wageni, tukikaa wiki ya pili ndio tunaharibu kazi za watu!

FundiKompyuta
Dada, kompyuta usiiweke kitandani. Godoro linaziba matundu ya chini inakopumulia, na hapo itajizima hata uwe nayo Mkunazini. Iweke juu ya meza, uinyanyue kidogo kwa nyuma, na umpe fundi aipulize vumbi la ndani.

UmmuNassir
Shoga, mume yuko wapi? Umemtaja bi mkubwa, watoto, wageni mpaka mhariri, mwenye mke hajatajwa. Mke hakodi chumba mjini mumewe asijue.

Na nikwambie jambo. Mie nimelea watoto wangu kwa kushona kofia za viua, nimekaa nyumbani vile vile, kwa wakwe vile vile. Hakuna aliyesema sifanyi kazi, kwa sababu kofia ilikuwa mapajani na kila mtu anaiona inavyojaa, tundu moja moja, mpaka mnunuzi anakuja mlangoni kuhesabu fedha mbele ya watu. Kazi yako wewe haionwi na mtu na fedha yake haionwi na mtu. Hilo joto ni jengine.

BintiFuoni
Mume yuko Maskati kikazi, bibie, na anajua kama naandika. Sijatoka kwa siri.

FundiKompyuta
"Sijatoka"? Unauliza kama ukikodi au umeshakikodi?

BintiFuoni
Nimeshatoa kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba hakutaka mwezi mmoja mmoja, na alikuwa na mtu mwengine anakuja jioni. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, fedha ni yangu, sikumkopa mtu. Ila sijahamisha kitu, ndio maana nauliza. Na msinambie niliharakia, kwa sababu nina makala za kupeleka kabla ya mwezi kwisha, na nikizikosa hizo simpati tena mteja kama huyu.

UmmuNassir
Sasa unataka ushauri au unataka dua?

Mzee_wa_Vikokotoni
Mwacheni, kazi ni kazi. Mie nilikuwa na duka la fotokopi Darajani ule mwaka umeme wa kutoka bara ulipokatika, Disemba 2009, Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Kaskazi kama hii hii. Jenereta kila mlango, moshi, kelele, maji hayapandi kwa kuwa pampu hazina umeme, na watu wanataka fomu zao za skuli leo hii. Nilikuwa nafungua alfajiri na kufunga saa 4 asubuhi, basi. Wateja walijua saa zangu wakanifuata. Na wewe mwambie huyo Mwingereza saa zako, asikupangie yeye.

Kijana_wa_Amani
Wazee mnanywa chai hapa, hadithi ya kubuni, na hamjijui. Someni vizuri. Huyu kwanza ni mwandishi wa kulipwa, tena anajua kuficha na kufunua kidogo kidogo: mume hakuwepo, akatokea, kodi haikulipwa, ikalipwa. Pili, anasema analipwa kwa PayPal. PayPal ya Tanzania unanunulia na kutumia watu fedha, kupokea hupokei. Muulize mtu yeyote anayefanya kazi za mtandaoni. Kesho mtajikuta kwenye makala, "maisha ya wanawake wa Zanzibar", na bi mkubwa wake wa kubuni anakuna nazi.

Mpemba_wa_Wete
Lahaula! Na shokishoki zangu nimo ndani ya makala?

FundiKompyuta
La PayPal ni kweli. BintiFuoni, tujibu hilo.

BintiFuoni
Akaunti si yangu. Ni ya shemeji yangu, kaka wa mume wangu, yuko London. Fedha inaingia kwake, yeye anamtumia bi mkubwa, na bi mkubwa ndiye anayenipa sehemu ya matumizi. Bi mkubwa anadhani ni fedha za mwanawe huyo. Tokea Oktoba haifiki yote, na nikimuuliza shemeji anasema makato.

Sikuliandika mwanzo kwa kuwa ni siri ya nyumba ya watu. Anayetaka kuiita chai aiite.

UmmuNassir
Ya Rabbi. Kwa hiyo anayekuita mvivu anakula jasho lako na kumshukuru mwengine?

Kijana_wa_Amani
Mie bado nina shaka, lakini kama ni kweli basi nakutaka radhi, na nasema hivi: fungua Payoneer, akaunti ya mtandaoni ya kupokea malipo ya nje, kwa kitambulisho chako, umpe mteja maelezo mapya kwenye ankara ya mwezi huu, kisha vutia benki ya hapa kwa jina lako. Mie ndivyo ninavyolipwa.

Mzee_wa_Vikokotoni
Na umpigie mumeo kabla hujabadilisha chochote. Ni kaka yake, asije akalisikia kwa mtu mwengine.

BintiFuoni
Mume wangu akilisikia watagombana na mama atalia. Mie nabadilisha akaunti tu, simsemi mtu. Sijamwibia mtu kitu.

UmmuNassir
Mwisho wa Januari fedha isipoingia kwa bi mkubwa, atamuuliza mwanawe. Unadhani mwanawe atajibu kuwa kosa ni lake? Atasema mkweo kapata chumba mjini. Na chumba kipo kweli, na umelipa mwenyewe. Mpigie mumeo leo, saa hii Maskati wako macho.

BintiFuoni
Nimempigia. Yuko kazini, kasema atanipigia baada ya isha. Meza nahamisha Jumatatu, hilo sirudi nyuma.

FundiKompyuta
Hicho chumba cha Mkunazini, mita ya tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia na wa chini? Kama mnachangia, andikianeni kabla hujachomeka feni.