Naomba ushauri: tasnifu ya metalijia niifanyie kiwandani au chuoni?

Mwanafunzi_Kasapa:
Ndugu zangu, salamu. Niko mwaka wa mwisho wa metalijia, yaani elimu ya kutoa metali katika mawe ya madini, katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kampuni moja ya Kolwezi iko tayari kunipokea kwa mafunzo ya kazini iwapo nitachunguza matumizi ya asidi katika kiwanda chake, ilhali mwalimu wangu anapendelea nibaki chuoni nichunguze kobalti iliyosalia katika mabaki ya zamani ya viwanda. Nataka kazi yangu iwafae wenye viwanda, ila nachelea kampuni ikishapata majibu itayafungia kabatini. Nichague lipi?

Mhandisi_Likasi:
Mdogo wangu, mada hizo ni jirani. Shaba ya malakiti, lile jiwe la kijani, huyeyuka upesi katika asidi ya sulfuriki, lakini kobalti ya heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti ambayo sehemu kubwa ina chaji tatu, haiyeyuki vizuri mpaka itiwe kemikali ya kuipunguzia chaji, kama vile metabisulfiti ya sodiamu, na hiyo ni gharama juu ya gharama ya asidi. Tena jiwe likiwa na dolomia nyingi, madini ya jamii ya chokaa, dolomia hiyo hula asidi bila kutoa shaba wala kobalti. Anayepima asidi bila kujua jiwe lina nini hawezi kuishauri kampuni lolote. Kiwanda kina mawe mapya kila zamu. Chuo kina wanajiolojia na wakemia wa kuyasoma. Nenda Kolwezi, kisha urudi na sampuli chuoni Kasapa.

Mama_Agronomia:
Naomba asisahau udongo. Pale Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi uliopokea kwa miaka mingi moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911, wanaagronomia wa chuo chetu walichanganya udongo na chokaa na mboji, wakapanda nyasi za Microchloa kunthii, ambazo huota zenyewe katika vilima vyenye shaba. Chokaa hupunguza asidi ya udongo na kuizuia shaba isiingie kwa wingi katika mizizi. Mwanangu, iulize kampuni mabaki yake yatamwagwa wapi, na jibu hilo liwe sura nzima ya tasnifu yako.

Mkemia_Kenya:
Mimi naungana na mwalimu, isipokuwa kampuni ikubali kutia saini pamoja na mkuu wa kitivo, kabla ya kazi kuanza, kwamba bei na tani ni siri yake, lakini muundo wa jiwe na kasi ya kuyeyuka vitachapishwa. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na nyingi huuzwa nje ikiwa bado hidroksidi, yaani haijasafishwa kikamilifu. Tukitaka siku moja kutengeneza malighafi ya betri hapa hapa, maarifa haya hayawezi kubaki mali ya kampuni moja.

Mwanafunzi_Kasapa:
Asanteni sana, wakubwa zangu. Nitapeleka barua ya makubaliano kwanza. Wakikataa, nitashika mada ya mwalimu. Mhandisi, sampuli nichoteje?

Mhandisi_Likasi:
Usichote juu ya lundo peke yake, kwa kuwa mawe makubwa huporomoka chini na unga hubaki katikati. Chota pande zote, changanya, gawanya, na kila mfuko uandikwe tarehe, zamu na mahali ulipochota.