Kwa nini sato ana mafungu mengi ya jeni za Hox kuliko binadamu?

bailojia_ngumu: Wadau habari za jioni, naomba msaada kabla sijaenda kuumbuka kwenye semina. Jeni za Hox najua ndo zinazopanga kiinitete, hapa kichwa hapa kifua hapa mkia, na zimekaa foleni kwenye kromosomu kwa mpangilio uleule wa mwili, foleni moja ndo fungu moja, hilo limeingia. Sasa naambiwa amfioksi, kale kanyama ka baharini kanakofanana na samaki ila hakana uti wa mgongo, ana fungu 1, binadamu tuna 4, halafu sato huyu tunayemla na ugali ana 7! Kama mafungu kuongezeka ndo kulileta wanyama wenye mwili tata mbona samaki katuzidi? Au sato yuko juu yetu jamani?

Kamongo77: Hahaha mkuu hakuna aliye juu ya mwenzie hapo. Babu wa mbali kabisa alikuwa na fungu moja kama la amfioksi, huko mwanzoni mwa ukoo wa wenye uti wa mgongo jenomu nzima, yaani jeni zote kwa pamoja, ikajirudufu, ikarudia tena, ndo tukapata mafungu manne, A, B, C na D, sisi na panya na kuku. Halafu kama miaka milioni 320 iliyopita babu wa sato, sangara, dagaa na jodari akarudufu mara nyingine peke yake, sisi tulishaachana njia zamani. Kwa hesabu ilitakiwa wawe na 8, kila fungu nakala mbili, Aa na Ab mpaka Da na Db, moja likafa. Na hawakupoteza lilelile wote: samaki pundamilia, kale kadogo ka mistari ka maabara, jeni za Db zimepotea zote pale kuna mikroRNA tu (kipande kidogo cha RNA kinachodhibiti jeni nyingine), wakati sato na bunju wao wamepoteza Cb.

Bi_Mwanasayansi: Naongezea kwa Kamongo, usihesabu mafungu mdogo wangu, hesabu jeni. Sisi mafungu 4 jeni 39. Samaki pundamilia mafungu 7 lakini jeni hazizidi 50, yaani nakala nyingi zilitupwa maana ukishatoa fotokopi ya daftari zima kurasa nyingi hazina kazi. Zilizobaki mara nyingi ziligawana zamu. Mfano hoxb1a na hoxb1b za huyo pundamilia, hoxb1b inawaka mapema kiinitete kikiwa bado kichanga, hoxb1a ndo inakuja kushikilia kipande cha nne cha ubongo wa nyuma. Kazi ni nani anawaka wapi na saa ngapi, idadi ni historia tu. Ungekuwa ni idadi basi samoni wa Atlantiki angekuwa mfalme, yeye ukoo wake ulirudufu tena akafika mafungu 13 na bado ni samaki tu anapanda mto.

mtu_wa_Tanga: Mmemsahau wetu huyu silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini!! Jenomu yake ilichapishwa 2013, mafungu 4 kama binadamu, kwa sababu yeye na samaki kamongo wako upande wetu wa ukoo, ule uliotoa wanyama wa miguu minne. Na ana HoxA14 ambayo sisi tulishaipoteza. Kwa hiyo anayevuliwa na nyavu za papa huku kwetu ni ndugu yako wa karibu kuliko ndugu wa sato.

bailojia_ngumu: Daah asanteni sana. Ila swali la mwisho, furu wa Ziwa Victoria wako mamia ya spishi, midomo tofauti, meno tofauti, nao wana mafungu tofauti?

Bi_Mwanasayansi: Hapana, furu na jamaa zake ni 7 yaleyale, na spishi zile zimetawanyika ndani ya miaka elfu kumi na kitu tu, huwezi kusema kila mmoja kapata fungu lake. Tofauti iko zaidi kwenye swichi zinazowasha na kuzima jeni, na kwenye jeni nyingine. Ukitaka cha kuwanyamazisha kwenye semina wape jaribio la 2016 la maabara ya Neil Shubin kule Chicago, walizima jeni za hox13 kwa samaki pundamilia, hizohizo ambazo kwa panya zinatengeneza kifundo na vidole, mapezi yakakosa miale yake mirefu na vifupa vya ndani ya pezi vikaongezeka. Jeni za vidole zilikuwa kazini kwenye pezi kabla hakujawa na mkono.

Kamongo77: Na wakikubana sana waulize pweza, jeni zake za Hox zimetawanyika huko kwenye jenomu hata fungu moja hana, na mikono minane anayo.