Mjadala: Mashine ijifunze kunisikia, au mimi ndiye niifundishe?

Ngoja Nimalize (mleta mada)
Wadau, salamu. Nina kigugumizi tangu utotoni na hoja yangu inatoka humo. Kila nikiiamuru simu kwa sauti, inanikata kauli. Naanza "mpigie Sa… Sa…", nakwama, na programu inahesabu kimya changu kuwa nimemaliza. Inampigia Saidi. Nilimtaka Salome.

Dawa inayosifiwa siku hizi ni kuibinafsisha teknolojia: unakaa, unasoma sentensi moja baada ya nyingine, na mashine inanolewa kwa sauti yako peke yako. Project Relate, programu ambayo Google waliitoa kwa majaribio mwaka 2021, ilimwomba mtumiaji arekodi sentensi 500. Mwenye usemi wa kawaida hakuombwa hata moja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika kifungu cha 2 unataja mambo mawili tofauti: usanifu unaomfaa kila mtu, na marekebisho anayofanyiwa mtu mmoja pale anapoyahitaji. Naona makampuni yanaruka la kwanza na kutuletea la pili kama hisani. Kwa upande wangu, hata modeli yangu binafsi, yaani mfumo wa kutambua usemi ulionolewa kwa sauti yangu, siihitaji. Wangeongeza tu muda wa kusubiri kabla mashine haijaamua nimenyamaza. Hilo ni badiliko dogo la mpangilio, na lingemfaa pia mzee anayesema taratibu.

Ni haki mwenye shida ndiye apewe kazi ya ziada? Naomba kuwasilisha.

Fundi Sauti
Mkuu, kwa kigugumizi nakuunga mkono. Ila unawapima wote kwa kipimo chako. Yuko mtu ambaye kiharusi, mtindio wa ubongo au ALS (ugonjwa unaoua polepole neva zinazoendesha misuli) imefanya ulimi na midomo visimtii. Mmoja anameza "k" na "t", mwingine pumzi inamwishia katikati ya neno, wa tatu irabu zote zinatoka puani. Wawili wenye ugonjwa uleule hawafanani usemi. Hapo ukisubiri modeli ya wote utasubiri sana.

Na kazi yenyewe si kubwa kama inavyosikika. Mwaka 2019 watafiti wa Google walionyesha kwamba asilimia 71 ya nafuu inayopatikana kwa kuinoa modeli kwa sauti ya mtu ilitokana na dakika 5 tu za sauti yake. Utafiti mwingine uliwachukua watu 195 wenye matatizo ya usemi. Kwa amri za nyumbani, kama kuwasha taa, asilimia 63 yao walieleweka na mashine kwa kiwango kinachotosha matumizi baada ya dakika 3 hadi 4 za kurekodi, na asilimia 79 baada ya dakika 18 hadi 20.

Mama wa Wawili
Fundi, dakika 5 za sauti si dakika 5 za saa. Mwanangu mdogo ana mtindio wa ubongo. Sentensi moja anaivuta, anapumzika, mate yanamjaa, tunaanza upya. Dakika zako 5 zilituchukua alasiri mbili. Tena programu ilitaka asome na wakati huo alikuwa hajajua kusoma. Ikabidi mimi niseme kwanza naye arudie, na baadhi ya sentensi zikaingia na sauti yangu ndani yake.

Kuna na hili: anavyorudia sentensi ya kupewa sivyo anavyoongea akiwa na hasira au akicheka. Mashine ikajua usemi wake wa darasani, wa uani haikuujua.

Lakini sikubaliani na mleta mada pia. Baada ya hapo alimpigia dada yake mwenyewe, bila mimi kukaa katikati nikitafsiri. Miaka yote nilijiona mkalimani wake stadi. Kumbe kuna maneno nilikuwa namsemea nitakavyo mimi.

Kimya Kingi
Mbona hakuna anayegusa usiri? Sauti ya namna hiyo ni cheti cha daktari. Futa jina, futa namba ya simu, bado anayemfahamu atamtambua kwa neno moja. Rekodi zibaki kwenye simu ya mwenyewe, modeli inolewe humohumo. Yasiyowezekana humo, tuambiwe.

Fundi Sauti
Mama, nimekosea, pole. Nilihesabu rekodi, sikuhesabu mtu.

Mleta mada, kuna jambo linakupa nguvu. Mwaka 2024 watafiti hao wa Google walichanganya takriban saa 1,000 za usemi usio wa kawaida ndani ya mafunzo ya modeli ya wote, sehemu ndogo sana ya data nzima. Makosa kwenye sentensi za kusoma yalipungua kwa asilimia 33, na kwenye mazungumzo huru asilimia 26. Pengo lililokuwepo kati ya modeli ya wote na za binafsi likazibika kwa asilimia 64.

Sasa jiulize saa hizo zilitoka wapi. Ni watu walioketi wakarekodi, wengi wao kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili itabidi wapatikane wengine.

Ngoja Nimalize (mleta mada)
Hapo umenibana. Basi narekebisha hoja: wanaorekodi walipwe. Mradi wa Speech Accessibility wa Chuo Kikuu cha Illinois, ulioanza 2022 kwa msaada wa Amazon, Apple, Google, Meta na Microsoft, huwalipa washiriki. Kwa nini uwe mfano wa pekee? Na kwa ALS suala ni zito zaidi, kwani usemi unabadilika kila baada ya muda na modeli ya leo inachakaa. Mtu huyo ataketi kurekodi mara ngapi, na kwa nguvu zipi?

Hilo la asilimia 36 iliyobaki ya pengo nakubali ni la kubinafsisha. Ila lianze baada ya usanifu wa wote.

Mama wa Wawili, shikamoo. Siku ile kijana alimwambia nini dada yake?

Mama wa Wawili
Marahaba. Alimwambia, "Mwambie mama aache kunijibia."