Isle of Wight: kisiwa kimoja, wabunge wawili. Ilikuwaje?

Mwalimu wa Nansio

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha Uraia katika shule ya sekondari hapa Nansio, na mwezi ujao klabu yetu ya midahalo itajadili ugawaji wa majimbo ya uchaguzi. Kijana mmoja wa kidato cha tatu ameniletea mfano ambao umeninyima usingizi. Anasema kwamba huko England kipo kisiwa kiitwacho Isle of Wight, ambacho peke yake ni kaunti kamili, kina watu wapatao 140,000, na tangu uchaguzi wa Julai 2024 kinapeleka bungeni wabunge wawili, ilhali Ukerewe yetu, wilaya ya visiwa ndani ya Ziwa Victoria, ambayo sensa ya mwaka 2012 iliihesabia watu 345,147, ina mbunge mmoja.

Nilimjibu kwamba nchi mbili hazilinganishwi kwa wepesi namna hiyo, kwa kuwa wenzetu wana viti 650 na sisi tuna utaratibu wetu. Akanirudishia kwamba sheria ya haohao Waingereza inataka jimbo la kawaida liwe na wapigakura wasiopungua 69,724, na kwamba majimbo yote mawili ya kisiwa hicho hayafikii kiwango hicho hata kwa mbali. Hapo nikanyamaza, maana sikuwa na la kusema.

Naomba kuelimishwa: kisiwa hicho kilipataje upendeleo huo, na wakazi wake wamekuwa wakipiga kura kwa mwelekeo gani? Ninawasihi tusiugeuze uzi huu kuwa wa vyama vyetu vya hapa nyumbani.

Wakili wa Bwiru

Mwalimu, mpe kijana wako alama zake, kwa sababu kila alichokisema ni sahihi. Alichokosa ni historia tu, na historia hiyo ni ndefu kidogo.

Kwanza niondoe utata wa jina. Sisi tunasema "Uingereza" tukimaanisha nchi nzima, yaani England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kwa pamoja, na wakati mwingine tunamaanisha England peke yake. Viti 650 ni vya nchi nzima. Isle of Wight iko England, upande wa kusini, ikitenganishwa na kaunti ya Hampshire kwa mkono wa bahari uitwao Solent. Hadi leo hakuna daraja.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwa majimbo yaliyotumika mwaka 2024, tume ya mipaka ilichukua daftari la wapigakura la Machi 2020, ikapata wastani wa wapigakura 73,393 kwa jimbo, na sheria ikaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, ndiyo maana jimbo halipaswi kushuka chini ya 69,724 wala kupita 77,062. Kisiwa kina wapigakura zaidi ya 110,000. Ukikifanya jimbo moja, linafurika. Ukikigawa mara mbili, kila nusu inapwaya. Njia ya tatu ni kukata kipande cha kisiwa na kukiunganisha na vijiji vya Hampshire ng'ambo ya Solent, na njia hii ndiyo iliyowaamsha watu.

Mwaka 2010 serikali ya mseto ya Conservative na Liberal Democrats ilipeleka bungeni muswada wa kupunguza viti hadi 600 na kulazimisha majimbo yalingane. Muswada huo uliyasamehe majimbo mawili tu, yote ya visiwa vya Scotland: Orkney na Shetland, pamoja na Na h-Eileanan an Iar, ambalo lina wapigakura wapatao 21,000 tu. Isle of Wight haikutajwa. Wakazi wakaungana bila kujali vyama, wakisema kwamba mbunge hawezi kuwa na mguu mmoja kisiwani na mwingine bara. Suala lilipofika katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la bunge lao, Lord Fowler, ambaye aliwahi kuwa waziri wa Conservative, aliwasilisha marekebisho ya kukilinda kisiwa, yakapita dhidi ya msimamo wa serikali ya chama chake mwenyewe. Mwishowe sheria ya 2011 ikatamka kwamba kisiwa kitakuwa na majimbo mawili, na hakuna hata moja litakalovuka maji.

Kwa nini basi ikachukua hadi 2024? Kwa sababu mapitio ya mipaka ya mwanzo yaliahirishwa mwaka 2013 vyama viwili vya mseto vilipokosana, na yale ya 2018 hayakuwahi kupigiwa kura bungeni. Sheria ya mwaka 2020 ikarudisha viti 650, ikaibakiza kinga ya Wight, na ikaongeza kisiwa cha Wales kiitwacho Ynys Môn katika orodha ya waliosamehewa. Orodha nzima ina majimbo matano, na yote ni ya visiwa.

Hata sisi hatugawi kwa vichwa peke yake. Ibara ya 75 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaka Tume izingatie pia upatikanaji wa mawasiliano na hali ya kijiografia. Wilaya ya Kwimba, kwa mfano, ina majimbo mawili, Kwimba na Sumve. Waambie wanafunzi waanzie hapo.

Bi. Kirumba

Wakili ameanzia 2010, lakini utamu wa habari hii uko nyuma zaidi. Hao watu waliokuwa na mbunge mmoja tu, babu zao walikuwa na sita!

Tangu mwaka 1584 miji mitatu ya kisiwa, yaani Newport, Yarmouth na Newtown, ilikuwa ikipeleka wabunge wawili kila mmoja. Newport ulikuwa mji kweli. Newtown ulishambuliwa na Wafaransa mwaka 1377, na katika karne zilizofuata ukasinyaa hadi ukabaki kijiji cha nyumba chache, ila haki yake ya kuchagua wabunge wawili haikusinyaa. Ukumbi wa mji ungali umesimama hadi leo, jengo dogo zuri la matofali na mawe, na pembeni yake ni majani tu. Ukumbi wa mji, mji hakuna. Kiti cha mahali kama hapo kilikuwa mkononi mwa wenye mashamba, ambao walimpa wampendaye. George Canning, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1793 kwa tiketi ya Newtown.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Newport. Lord Palmerston, naye Waziri Mkuu wa baadaye, alipewa kiti cha hapo mwaka 1807 na bwana mmoja aliyeushika mji huo, Sir Leonard Holmes, kwa sharti kwamba asikanyage kamwe Newport, hata siku ya uchaguzi. Bwana huyo aliogopa kwamba mgeni akifika na kuzoeana na wapigakura, atamnyang'anya mji. Kwa hiyo mbunge akalitumikia jimbo kwa kukaa mbali nalo.

Mageuzi ya mwaka 1832 yaliifuta Newtown na Yarmouth, yakakipa kisiwa mbunge wake wa kaunti, tofauti na Hampshire. Newport ikabaki na wawili, kisha mmoja kuanzia 1868, kisha ikafutwa mwaka 1885. Kuanzia hapo kisiwa kizima kikawa jimbo moja kwa karibu miaka 140, na watu walivyozidi kuongezeka likawa jimbo lenye wapigakura wengi kuliko yote nchini.

Mkerewe wa Ughaibuni

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Bukindo, na kwa sasa ninaishi Portsmouth, ng'ambo kabisa ya kisiwa hicho. Kuna chombo kinachoelea juu ya hewa, hovakrafti, kinachovuka kutoka Southsea hadi Ryde kwa dakika kama kumi. Kinatoka majini na kupanda ufukweni chenyewe, kinatulia kwenye zege huku kikipuliza mchanga na maji kila upande, halafu mpira wake wa chini unanywea polepole kama puto, abiria wakashuka. Mara ya kwanza nilifikiria kivuko chetu cha Rugezi na Kisorya, na jinsi tunavyosubiri magari yapangwe.

Kuhusu kura: kisiwa ni cha Conservative kwa tabia, lakini kina tabia ya kugeuka ghafla. Mwaka 1970 mbunge wa Conservative, Mark Woodnutt, alishinda kwa tofauti ya zaidi ya kura 17,000. Februari 1974 mgombea wa Liberal, Stephen Ross, akamwangusha kwa zaidi ya kura 7,000, huku kukiwa na manung'uniko makubwa kuhusu mpango wa ujenzi katika bandari ya Bembridge. Ross alikaa hadi 1987, ingawa mwaka 1979 aliponea kwa kura 352 tu. Conservative wakarudi, Liberal Democrats, warithi wa Liberal, wakakichukua tena kiti mwaka 1997 kwa miaka minne, halafu Conservative wakakishika kuanzia 2001 hadi 2024.

Labour hawakuwahi kushinda hapa. Wasioitaka Conservative walizoea kukimbilia kwa Liberal, na Liberal walipodhoofika kura hizo zikatawanyika: mwaka 2015 nafasi ya pili ilikwenda kwa UKIP, chama kilichotaka nchi ijitoe Umoja wa Ulaya, na ya tatu kwa chama cha Kijani. Katika kura ya maoni ya 2016 karibu asilimia 62 ya wakazi walitaka kujitoa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2019 Conservative walipata asilimia 56.

Kisha ukaja mgawanyo. Jimbo la Mashariki, lenye miji ya Ryde, Sandown, Shanklin na Ventnor, lilibaki kwa Conservative kupitia Joe Robertson. La Magharibi, lenye Newport na Cowes, lilichukuliwa na Richard Quigley, mbunge wa kwanza wa Labour katika historia ya kisiwa, ambaye alimshinda Bob Seely aliyekuwa mbunge wa kisiwa chote. Ukoo wa Seely si mgeni hapo. Jack Seely alikiwakilisha kisiwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza akiwa Conservative na baadaye Liberal.

Mhesabu wa Ilemela

Ninaheshimu maelezo yaliyotangulia, lakini sikubali kwamba maji yanatosha kuwa sababu. Kura ya mtu wa Wight kabla ya 2024 ilikuwa na uzito mdogo kuliko ya mtu wa Southampton, na hilo lilikuwa kosa. Sasa ina uzito mkubwa kuliko yake, na hilo nalo ni kosa, limegeuzwa upande tu. Hovakrafti ya dakika kumi si kisingizio. Kutoka Newport hadi bara ni karibu kuliko kutoka Misungwi mjini hadi baadhi ya vijiji vya wilaya hiyohiyo.

Mwalimu wa Nansio

Nawashukuru sana, na wewe Mhesabu nitakuazima kwa upande wa wapingaji. Nikujibu moja tu. Niliwahi kuwa karani wa kituo kisiwani Irugwa. Tulipomaliza kuhesabu usiku, upepo ulikuwa umeshachafuka, na nahodha akakataa kung'oa nanga. Tulikaa na masanduku ndani ya darasa hadi kulipokucha, polisi mmoja mlangoni na mimi juu ya dawati, na kutoka pale taa za upande wa pili tulikuwa tunaziona. Umbali wa ziwani haupimwi kwa kilomita peke yake.

Leo mchana nimewasomea wanafunzi majibu yenu. Nilipofika kwenye sharti la Lord Palmerston kutokukanyaga Newport, kijana wangu aliinua mkono na kuuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama kivuko kilikuwa kimeharibika.