Mfumo wa maudhui kwa jukwaa la bei za mazao: WordPress, Drupal au Strapi?

dev_mbarara
Habari wakuu. Tunajenga jukwaa la bei za mazao: masoko 12 (Kisenyi, Mbale, Gulu, Masindi na mengine), mazao 8, bei mpya kila siku. Wahariri ni wanne, makala kwa Kiingereza, Kiswahili na Luganda. Apu ya Android itasoma data kwa JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data), ada za wanachama zitapitia MTN MoMo (malipo ya simu). Seva ina RAM ya GB 1. Tuchukue upi?

fundi_data
Ndugu, anza na bei kabla ya makala. Kila bei ukiifanya posti ya WordPress yenye sehemu nne (soko, zao, bei, tarehe), ni posti 96 kwa siku, 35,040 kwa mwaka, na mistari 140,160 ndani ya wp_postmeta, jedwali la WordPress la taarifa za ziada za posti. Safu ya meta_value ni maandishi, tena haina faharasa (index, inayoharakisha utafutaji). Panga bei kuanzia ndogo bila kutaja kuwa ni namba, uone 1200 inaitangulia 900. Ukitaja, mpangilio unanyooka lakini kasi haiongezeki.

Bei zipe jedwali lake nje ya mfumo wa maudhui: soko_id, zao_id, tarehe, bei, na faharasa moja juu ya zile tatu za kwanza. Bei iwe namba kamili. Shilingi yetu haina senti.

Kwa makala za lugha tatu, Drupal. Tangu toleo la 8 tafsiri ya maudhui imo ndani yake, wakati WordPress inategemea plugini kama Polylang. JSON:API (njia ya kutoa maudhui kwa JSON) nayo imo, unaiwasha tu, na apu inasoma Kiswahili kwa /sw/jsonapi/.

seva_ndogo
Naunga mkono, hasa kwa hiyo GB 1. Strapi itakukwamia wakati wa kujenga paneli ya wahariri: Node (programu inayoendesha Strapi) inaishiwa kumbukumbu na kazi inakufa katikati. Lakini hata Drupal ina mtego wake. Usiendeshe `composer update` (amri ya kusasisha vifurushi vya Drupal) kwenye seva, maana kupanga matoleo ya vifurushi kunakula RAM nyingi. Iendeshe kwenye laptop, pandisha composer.lock (faili la matoleo yaliyochaguliwa), kisha kwenye seva `composer install --no-dev`.

dev_mbarara
Asanteni sana. Na MoMo, niifunge humohumo kwenye Drupal?

fundi_data
Hapana, iwe huduma ya pembeni. Jibu la 202 kutoka requesttopay (ombi la MoMo la kumtoza mteja) maana yake ombi limepokelewa, pesa bado. Mteja huenda hata PIN hajaweka. Hifadhi X-Reference-Id (kitambulisho cha ombi unachokiunda mwenyewe) kabla ya kutuma ombi. Mtandao ukikatika hapo katikati, hiyo ndiyo njia yako ya kuulizia, na unaendelea kuuliza mpaka upate SUCCESSFUL au FAILED. Uanachama usifunguke kabla ya hapo. Mazingira ya majaribio ya MoMo yanatumia EUR (euro), kwa hiyo sarafu iweke kwenye mipangilio, usiiandike ndani ya msimbo wa programu.