Alama za adhabu kwenye leseni: mbona ni dereva wa trela peke yake?

Wakuu, naona humu watu wanashangilia kwamba alama za adhabu kwenye leseni (kila kosa unaandikiwa alama, zikijaa leseni inasimamishwa) ndizo zitakazonyoosha madereva wa malori hapa Kenya. Ajali ikitokea Salgaa au Sachangwan, kule kwenye miteremko ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, wimbo ni ule ule: wanyang'anyeni leseni. Mimi nina leseni ya CE, navuta trela Mombasa hadi Malaba, kwangu ni Nakuru, na nimechoka kubebeshwa makosa ya mwenye gari.

Mwenye gari lake dogo akisimamishiwa leseni, atapanda matatu aende kazini. Mimi leseni ndiyo kazi. Ikizuiwa miezi kadhaa, hakuna mshahara, na nikirudi kiti changu kina mtu.

Yaliyonipata ni haya. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa yameisha hadi waya zinaonekana. Nikaandika kwenye daftari la ukaguzi pale yadi, nikapiga picha, nikamtumia msimamizi. Jibu lake bado ninalo kwenye simu: "Fikisha mzigo kwanza, tairi tutaona ukirudi. Kama hutaki achia askari wa geti ufunguo, watu wanangoja." Watoto wamefukuzwa shule kwa karo, wewe ungefanya nini? Trafiki wakanisimamisha kabla ya Mau Summit. Kesi ikaandikwa kwa jina langu, faini ikakatwa kwenye mshahara wangu, na sasa kila ninakoomba kazi naulizwa kama nimewahi kushtakiwa kwa makosa ya barabarani. Kampuni haikuguswa hata kidogo. Trela lile lile likatoka yadi na dereva mwingine, na matairi yale yale!

Sasa hesabu za masaa. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinakataza kuendesha gari la biashara zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Spidi ya lori mwisho ni 80. Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, kuna mizani, kuna msongamano, kuna milima. Bosi anataka kontena mpakani kesho alfajiri, na dereva ni mmoja na tanboi (utingo) wake. Yeyote anayejua kujumlisha anaona kwamba sheria imeshavunjwa ofisini kabla injini haijawashwa.

Na mnaosema tunaweka gia huru tukiteremka Salgaa, ni kweli wapo wanaofanya hivyo, na ni uuaji. Trela likiwa na mzigo kamili halishikwi na breki peke yake, zinachemka zinakufa, unabaki na usukani tu. Simtetei yeyote wa hivyo. Lakini gia huru huwekwa ili kuokoa dizeli, kwa hivyo ulizeni pia nani anapima dizeli kwa lita na kumkata dereva mshahara kwa kila lita inayozidi.

Kuna aliyeandika hapa kwamba Uingereza ukifikisha alama 12 ndani ya miaka 3 unapigwa marufuku kuendesha. Ni kweli, ila amesimulia nusu. Kule kampuni ya malori nayo ina leseni yake ya kufanya biashara hiyo, na kuna kamishna wa uchukuzi mwenye uwezo wa kuifuta akikuta magari mabovu au madereva wanaosukumwa kupita masaa. Mkiiga, igeni yote.

Ninachodai hakihitaji semina hotelini. Kosa la tairi, breki, taa au uzito kupita kiasi, alama ziende kwa mwenye gari kwanza, dereva aguswe pale tu itakapobainika alijua akanyamaza. Daftari la ukaguzi na ujumbe wa simu vikubaliwe kama ushahidi. Na kabla leseni haijasimamishwa, dereva asikilizwe na apewe sababu kwa maandishi, kwa sababu Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo, awe ana suti au ana ovaroli yenye grisi.

Madereva wenzangu wa Nakuru, Eldoret, Kisumu, Busia: msifute ujumbe wa mabosi wenu. Andikeni ubovu wa gari kila safari, mpige picha na ukurasa wenyewe wa daftari, maana kurasa huchanwa. Na kama kuna wakili humu anayefanya kesi za kazi hapa Nakuru, aniandikie inboksi leo. Ushahidi wote ninao.