Corolla 2009: taa ya cheki injini imezimika, lakini kipimo cha moshi kimekataa (Georgia, Marekani)

Mama Imani, Clarkston

Shikamoo kwa wakubwa, rika langu mambo. Nimehamia hapa mwezi huu kutoka Nashville. Kule walifuta kupima moshi 2022, na hii Corolla nimeinunua baadaye, kwa hiyo sijawahi kupima chochote. Huku naambiwa bila kupita kipimo cha moshi sipati namba za Georgia, na mgeni ana siku 30 tu za kusajili.

Taa ya cheki injini ilikuwa inawaka. Nikapita duka moja la vipuri, kijana akachomeka kidude chake, akabonyeza, taa ikazimika. Bure kabisa. Kesho yake asubuhi nikaenda kupima. Nilidhani watatia mrija kwenye ekzosi. Wapi! Jamaa kainama chini ya usukani kachomeka waya, kazunguka nyuma kwenye tenki, kachungulia uvunguni, baada ya dakika kumi kanipa karatasi: halijafaulu, haliko tayari. Taa haiwaki, injini haitetemeki, moshi hauonekani. Haliko tayari kwa lipi? Na dola 25 zimekwenda. Nimeibiwa?

Kijana wa 285

Dada, usijisumbue. Binamu yangu yuko Gainesville, kaunti ya Hall, hawapimi kabisa. Andikisha gari kwa anwani ya ndugu, maisha yaendelee.

Fundi Gerezani

Marahaba, Mama Imani. Hujaibiwa. Bei kisheria ni kati ya dola 10 na 25, kila kituo kinajipangia humo. Mwaka mwingine tafuta kituo cha dola 15, vipo tele.

Kwanza huyo kijana nimjibu. Ni kweli Hall hawapimi. Wanaopima ni kaunti 13 zinazozunguka Atlanta, na DeKalb, kaunti yako hapo Clarkston, imo. Lakini kuandika anwani usikolala ni kusema uongo kwenye karatasi ya serikali, na siku ukigongwa kampuni ya bima itauliza gari hulala wapi. Usiingie huko kwa sababu ya taa moja.

Sasa gari lako. Mimi nilianzia ufundi Gerezani, Dar, enzi za kabureta, tulikuwa tunasikiliza injini kwa sikio na kunusa moshi. Hapa hakuna anayenusa. Mrija wa ekzosi ulikuwa kwa magari ya 1995 kurudi nyuma, na hayo sasa yana zaidi ya miaka 25, yamesamehewa. Gari la 1996 na kuendelea lina tundu la OBD, la kuchomekea waya wa kuisoma kompyuta ya gari, karibu na goti la dereva, na mashine ya kituo inaiuliza kompyuta ya gari maswali matatu: umeamuru taa iwake? Una namba za makosa? Na je, umemaliza kujipima?

Hilo la tatu ndilo limekukamata. Kompyuta hujipima yenyewe ukiwa barabarani: inapima masega kwenye ekzosi yanayosafisha moshi, sensa (vihisio) za oksijeni, mfumo unaozuia mvuke wa petroli usitoroke kwenye tenki. Kijana wa duka alipofuta kosa, alifuta na majibu yote ya vipimo hivyo. Taa imezimika, sawa, lakini daftari ni jeupe. Ni mwanafunzi aliyechana ripoti yake akaenda kwa baba kusema hana F hata moja. Kwa gari la 2001 na kuendelea wanavumilia kipimo kimoja tu kisichokamilika. Ukichomoa betri ni yale yale. Na wanaochomoa balbu ya taa wanajidanganya, kompyuta inasema yenyewe kwamba imeamuru iwake.

Nisomee karatasi yote, mpaka chini. Na huyo kijana wa duka hakukwambia namba ya kosa?

Mama Imani, Clarkston

Alinitumia picha, sikuielewa: P0456. Na kwenye karatasi, aibu yangu, kuna mstari chini sikuusoma: kifuniko cha tenki hakikufaulu. Vipimo visivyokamilika ni vinne.

Fundi Gerezani

P0456 ni mvuke unavuja kidogo. Fungua kifuniko, angalia ile pete ya mpira, ipindepinde kwa kidole mchana kwenye mwanga.

Mama Imani, Clarkston

Ina mipasuko kama kisigino cha kiangazi!

Fundi Gerezani

Hahaa, basi. Nunua kifuniko chenyewe cha Toyota, usichukue kile cha kutoshea magari yote. Kifunge mpaka kilie. Kisha endesha, na usifute chochote tena.

Gari lilale usiku mzima, asubuhi liwashe la baridi, tenki likiwa karibu na nusu, maana likijaa sana au likikaribia kuisha kipimo cha mvuke hakianzi. Liache lingurume dakika mbili tatu. Ingia barabara ya 78 kuelekea Stone Mountain kabla ya foleni, shika maili 55 kwa dakika kumi na tano, mguu usichezecheze. Ukitoka, achia mafuta lijiendee lenyewe bila kukanyaga breki hovyo, huku ukiangalia wa nyuma yako. Fanya hivyo siku nne, tano. Safari za kwenda kumchukua mtoto shule na kurudi hazitoshi, hata ukizifanya mwezi.

Na urudi kituo kile kile ndani ya siku 30. Marudio ya kwanza hapo hulipi.

Shangazi Lilburn

Naongeza kwa wazee wenzangu: ukifika miaka 65, gari lina miaka 10 au zaidi na hutembei maili 5,000 kwa mwaka, unaweza kuomba msamaha wa kupima. Mimi nimepata. Na magari ya matoleo matatu mapya hayapimwi, ya dizeli na ya umeme nayo hayapimwi. Mume wangu ana pikipiki, hawamgusi.

Mama Imani, Clarkston

Mrejesho baada ya siku tisa. Kifuniko kipya dola 19. Nimeendesha asubuhi sita, mwanangu nyuma na uji wake kwenye chupa akiuliza tunakwenda wapi, namwambia hatuendi popote. Leo nimerudi kituoni, sikulipa, gari limepita! Masega tayari, sensa tayari, mfumo wa mvuke tu ndio haujakamilika, na moja wanaruhusu. Majibu yanakwenda yenyewe kwa mtandao, kesho nafuata namba ofisi ya kaunti. Kaka fundi, Mungu akuweke.

Fundi Gerezani

Hongera. Hicho cha mvuke kitajimaliza, mara nyingi ndicho cha mwisho. Taa ikirudi na P0456 ile ile, ujue kuna mpira mwingine umepasuka huko nyuma juu ya tenki, uniletee nilitazame. Na huku ni kila mwaka, si mara moja: namba zinaisha siku yako ya kuzaliwa, upime kabla.